Mtoro wa Bagamoyo aliandika tunavyoishi mwaka 1903. Leo anayeandika ni nani?

#1 Mkwezi wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite bila kinyongo. Mods, naomba msiutupe kule jukwaa la historia, utafia huko.

Kila baada ya muda humu lazima itokee mada ya "utamaduni wetu umekufa". Ukiisoma mpaka chini unakuta mtoa mada anaongelea ngoma za jukwaani na mavazi ya makumbusho. Hagusi jinsi tunavyopokea posa, tunavyochangishana harusi, nani anakaa mkekani na nani anapewa kiti msibani, wala mama anavyochagua kanga ya kumpelekea wifi yake. Hayo yanaonekana ya kawaida mno, hayafai kuandikwa. Mimi nasema taifa limo humo humo kwenye hayo ya kawaida. Na kuna mtu wa kwetu aliyeliona hilo mapema sana, akayaandika, tena kwa Kiswahili.

Anaitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa 1887 kuwanoa maofisa, wamishenari na wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda makoloni. Huko alikuwepo Carl Velten, ambaye kabla yake alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu. Velten akakusanya maandishi ya Mtoro pamoja na ya wenzake wachache, akayahariri, na mwaka 1903 kikatoka kitabu mjini Göttingen: Desturi za Wasuaheli. Kazi kubwa ni ya Mtoro. Jina lililokaa juu ni la Velten. Tusonge.

Kilichomo ndani ni maisha ya mtu wa pwani tangu tumboni hadi kaburini. Uzazi, jina la mtoto, chuoni, jando na unyago, nyumba, maamkizi, ngoma, posa, harusi, pepo, maradhi, mashamba, safari za bara, utumwa, kifo, matanga. Hana nadharia. Hamnukuu profesa yeyote. Anasema tu watu hufanya nini, kwa mpangilio upi, na nani anamlipa nani.

Hapo kwenye malipo ndipo nilipomvulia kofia. Chukua harusi. Nje ya mahari kuna kilemba cha baba, kuna mkaja wa mama, na kuna vijimalipo vingine vidogo vidogo kwa watu wanaosimama njiani kati ya bwana harusi na mkewe. Mtu mvivu angeandika "kulikuwa na mahari" akafunga ukurasa. Ukifuata kila rupia unaona kitu kingine: nani ana haki juu ya binti huyu, na nani asipolipwa anaweza kuisimamisha shughuli nzima. Mama aliyejifunga mkaja baada ya kujifungua analipwa kwa jina la ule mkaja. Sasa kaa kwenye kikao cha posa leo, Tandika au Mbagala, sikiliza barua inavyosomwa: mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, na mjomba pale kwenye kona anakohoa ili asisahaulike. Zaidi ya miaka mia moja imepita na orodha ile bado inafanya kazi yake.

Halafu maisha yake mwenyewe. Mwaka 1904 alimuoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli warudi nyumbani, na serikali ya koloni ikakataa mume mweusi na mke mweupe waingie kuishi Dar es Salaam. Wakarudishwa Ujerumani. Baadaye akafundisha Hamburg, akazunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki, akafia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeeleza kwa undani jinsi Waswahili wanavyooana alizuiwa kurudi kwao kwa sababu ya ndoa yake.

Naendelea chini, niacheni kwanza ninywe chai.

#2 Jembe Butu

Mkuu, nimekusoma vizuri ila unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kitabu 1903, Maji Maji 1905. Huyo Mtoro wako alikuwa anawaeleza Wajerumani namna tunavyoishi ili watutawale vizuri zaidi. Chuo chenyewe umesema kilikuwa cha kuwafundisha maofisa. Leo unatutaka tumshangilie?

#3 Mkwezi wa Pangani

Jembe, sikukatalii. Elimu hii yote ya kuchunguza watu wanavyoishi ilizaliwa ikiwa na doa hilo. Anayetaka kukusanya kodi ya kichwa anataka kujua kichwa kinalala nyumba gani, na nani ndugu wa nani.

Naongeza na lingine ambalo hukulisema. Mtoro anatazama akiwa upande wa waungwana. Anapoandika utumwa unaona kabisa macho ni ya aliyezaliwa huru, na watu wa bara wanaitwa washenzi bila kupepesa. Kwa hiyo kitabu ni ushahidi mara mbili: kinaonyesha desturi, na kinaonyesha mwungwana wa Bagamoyo alivyozigawa heshima za watu kichwani mwake. Mtafiti mzuri anasoma vyote viwili.

Ila usisahau kwamba jicho lilikwenda pande zote mbili. Velten huyo huyo mwaka 1901 alichapisha mkusanyo wa habari za safari za Waswahili, na mojawapo ni ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Mswahili anatazama Warusi, anaandika wanavyoishi, kwa lugha yake. Hilo huwa hatulisemi.

#4 Mzee wa Ilala Boma

Vijana, mimi ni mtu mzima, nimeanza kusoma magazeti kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Mwanzisha mada, usiruke Uhuru. Mwalimu aliunda wizara kabisa ya utamaduni. Hiyo nayo iweke mezani.

#5 Mkwezi wa Pangani

Shikamoo mzee. Naiweka.

Desemba 1962, Tanganyika inakuwa jamhuri, Nyerere anatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kwenye hotuba ile alilalamika kwamba wasomi wetu tulifundishwa kucheza rumba, chacha na waltz, akauliza ni wangapi wanaojua gombesugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Swali zuri sana, na lilikuwa linahitaji watu wa kwenda kutazama. Kilichofuata zaidi kilikuwa maonyesho. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, ikatafutwa ngoma ya kila upande, na wizara yenyewe ikawa inaunganishwa na hii, inahamishiwa ile, mpaka huwezi kuhesabu. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho kimetoa wasanii wa maana, hilo nalikubali.

Watafiti waliofuatilia ngoma za jukwaani, kama Siri Lange wa Norway, waliona jambo moja likijirudia. Ngoma iliyokuwa inachezwa usiku kucha, watu wote wako ndani ya duara, inakatwa ibaki dakika chache. Wachezaji wanapangwa mistari wamwelekee mgeni rasmi. Sare zinashonwa. Maneno ya kumtania shemeji yanatolewa, yanaingia ya kulisifia Azimio la Arusha. Jina la ngoma linabaki lile lile. Watu wakapiga makofi, na kila mtu akaamini utamaduni umehifadhiwa.

Sasa geuka utazame mavazi. Mwishoni mwa 1967 na 1968 serikali inawabana Wamasai waache lubega, ile shuka ya begani, wavae suruali, kwamba lubega ni aibu kwa taifa linaloendelea. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU unatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 marufuku Dar es Salaam sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwamba si utamaduni wetu. Kwa hiyo mwaka huo huo Mmasai ameambiwa vazi lake ni la kizamani mno, na karani wa kike wa mjini ameambiwa lake ni la kisasa mno. Kati ya hapo lilibaki vazi gani la Mtanzania? Andrew Ivaska aliifanyia utafiti habari hii, kitabu kikatoka 2011, na akiba yake kubwa ilikuwa barua za wasomaji magazetini. Watu walibishana mpaka wakachoka. Wanawake waliandika wakauliza kwa nini suti na tai za wanaume hazikuguswa.

#6 Mzee wa Ilala Boma

Marahaba. Hilo la mini nalikumbuka. Dada yangu alikuwa karani mjini. Nyumbani zilikaa sketi zake zimefumuliwa pindo, anaziteremsha inchi mbili tatu, na ule mstari wa pindo la zamani haukutoka hata upige pasi vipi. Ukikutana na msichana barabarani unausoma ule mstari unajua mwaka jana sketi yake iliishia wapi. Sikujua kama kuna mtu wa chuo kikuu angeona hilo ni elimu.

#7 Mkwezi wa Pangani

Mzee, huo mstari wa pindo una thamani kuliko hotuba tatu. Nashukuru sana.

#8 mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Ngoja nivute kiti nikae hapa. Nasoma sosholojia na natakiwa nipeleke mada ya utafiti.

#9 Jembe Butu

Bado sijashawishika. Mnatutajia Wanorwe na Wamarekani. Watu wa nje wanakuja, wanakula wali kwa mama lishe, wanarudi kwao wanapata uprofesa. Sisi tunabaki na picha.

#10 Mkwezi wa Pangani

Jembe leo umeamka na wembe. Nitakujibu, ila nipitie kwanza mambo mawili ya starehe, maana huko ndiko wachunguzi walikookota vitu ambavyo wizara haikuviona.

La kwanza beni. Lilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vijana wakatengeneza mabendi ya kuigiza jeshi: tarumbeta, gwaride, kofia, vyeo vya kingi na jenerali. Mitaa ikagawanyika makundi mawili yanayoshindana kwa sare, karamu na matusi ya kishairi. Vita ya kwanza ya dunia ikalibeba beni mpaka bara, maana askari wa pande zote mbili walikuwa wanalijua. Tanganyika nzima ikawa ni Marini au Arinoti: mwenye kujiona mtu wa hadhi Marini, wa chini yake Arinoti. Ofisa wa Kiingereza akiona watu weusi wanapeana ujenerali anakosa usingizi, anaandika ripoti kwamba kuna njama. Terence Ranger, aliyekuwa mkuu wa idara ya historia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sitini, aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kikatoka 1975. Alichokuta ni vyama vya watu kusaidiana mjini: wageni kupokelewa, maiti kuzikwa, kijana asiye na ukoo kupata cheo. Clyde Mitchell alikuwa ameshaona mjukuu wa beni, ngoma ya kalela, kwa wachimbaji wa shaba wa Zambia ya sasa, akaandika mwaka 1956. Na ukitazama vikundi vyetu vya kuzikana na kusaidiana mijini, vyenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na sare ya vitenge, unawaona Marini na Arinoti wakitembea.

La pili kanga. Laura Fair alichunguza Zanzibar baada ya amri ya kukomesha utumwa ya 1897, kitabu 2001. Mtumwa wa kike alijulikana kwa merikani au kaniki, vitambaa vya bei rahisi, aliyojifunga, na kichwa wazi. Alipoachwa huru, kitu cha kwanza alichonunua alipopata pesa kilikuwa kanga za rangi, na baadaye buibui, ilhali zamani kujifunika kulikuwa kwa wanawake wa watu wakubwa. Amri ya Sultani ilitoa karatasi tu. Kwenye mitaa ya Ng'ambo, upande wa watu wa chini wa mji wa Zanzibar, watu walijipa uungwana wao wenyewe kwa doti ya kanga. Ukiingia na swali la siasa peke yake unakuta kuna wakubwa na Waingereza tu. Ukiuliza wanawake walivaa nini unakuta mapinduzi madogo yanapita barabarani kila Ijumaa. Na hao hao wa Ng'ambo ndio waliogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928, wakati Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, naye anatoka huko huko Ng'ambo kwenda Bombay kuingiza sauti yake kwenye santuri.

#11 Bibi Leso

Assalamu alaikum. Miye ni wa Mombasa, na huku kwetu ni leso, kanga ni ndege. (Nacheka.) Usiisahau Mombasa katika habari hiyo: Kaderdina Hajee Essak alianza biashara hapa mwaka 1887, na mpaka leo leso zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Wateja wajua.

Nataka kuongeza jambo. Wasomi wengi wakiandika leso huandika maneno yake tu, wanayakusanya kama methali. Leso haisomwi hivyo. Ina pindo, ina mji wa kati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Jina ulilosoma dukani si lazima liwe na maana ile ile ukishaivaa. Miye nikimnunulia mama mkwe leso yenye jina la mapenzi ni heshima. Nikiivaa leso hiyo hiyo nikapita mlangoni kwa mke mwenza, ni vita. Na nikiulizwa nitasema, "Nimependa rangi tu, mama." Hapo hawezi kunishitaki popote. Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliliona hili vyema mwaka 1997: jina la leso lampa mwanamke nafasi ya kusema asilolisema. Huyo ni mtoto wa pwani, Bwana Jembe, si mgeni.

#12 Jembe Butu

Waalaikum salaam, dada. Hapo nimeguswa kidogo.

#13 Shangazi wa Ngamiani

Hodi humu. Mmeongea kanga mkaacha kutunza, ile ya kumpelekea mwimbaji pesa akiwa anaimba, wakati ni mambo ya nyumba moja. Mimi ni wa Tanga, taarabu nimeikuta nyumbani.

Mtu asiyejua akiona mwanamke anakwenda kumpa mwimbaji noti anadhani anasifu sauti. Tazama vizuri. Haendi tu wimbo ukianza. Anakaa na noti yake ameikunja kwenye ncha ya kanga, anasubiri. Ubeti unaokuja anaujua. Ukikaribia ndipo anainuka, anacheza taratibu, hana haraka, noti iko juu kati ya vidole viwili ili kila mtu aione. Anapita njia ndefu, anapita pale alipokaa mbaya wake. Anafika mbele neno lenyewe linapotoka mdomoni kwa mwimbaji, na ndipo anapoiachia noti. Akigeuka hamtazami mtu. Ukumbi mzima umeshajua limekwenda kwa nani. Na yule mwingine kama ana lake, anafungua pochi yake, anasubiri ubeti wa pili.

Mwimbaji maskini hana habari. Yeye anaimba wimbo aliotungiwa na mtu, labda hata ni wa zamani.

#14 Mkwezi wa Pangani

Shangazi, shikamoo, umeandika hapo sura nzima ya kitabu. Na kweli imo kwenye kitabu: Kelly Askew, Mmarekani, aliingia mwenyewe kwenye vikundi vya muziki vya Tanga miaka ya tisini, akaimba, akatazama kutunza, mwaka 2002 kikatoka kitabu chake kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania. Hoja yake kwa kifupi ni hiyo hiyo ya noti: maana ya wimbo haimilikiwi na mtunzi, anayeinuka na pesa ndiye anayeiamua. Kisha akaipandisha hoja mpaka kwenye taifa. Serikali inatunga "utamaduni wa taifa" kama mtunzi anavyotunga wimbo, na wananchi wanainuka pale wanapotaka wao, kwa sababu zao.

Ushahidi ni taarabu yenyewe. Zama za Ujamaa ilitazamwa kwa jicho la pembeni, ina harufu ya Uarabuni, ngoma ndizo zilizoitwa za kitaifa. Miaka ya tisini, vyama vingi vimeingia, chama tawala kina kikundi chake cha TOT kinachopiga taarabu, Khadija Kopa yuko huku na Nasma Khamis yuko kikundi cha Muungano, mipasho inarushwa na nchi nzima inachagua upande. Hakuna waraka wa wizara ulioleta hilo. Walileta akina shangazi na noti zao.

Jembe, sasa zamu yako. Uko sahihi kwamba vitabu hivi vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, vinachapishwa Marekani na Uingereza, na bei yake ni kodi ya chumba Manzese. Mtu wa Ng'ambo hawezi kusoma yaliyoandikwa juu ya bibi yake. Hili linaniuma na sina pa kulifichia. Ila dawa yake siioni katika kuwafukuza waliokuja. Walikuja wakakuta tumeacha wazi. Na mahali ambapo hatukuacha wazi matokeo yalionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Mlimani walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, wakakaa na wanakijiji, wakawauliza nini kinawasumbua. Vijana wakatengeneza mchezo na ngoma kuhusu mimba za wanafunzi, wazee wakauona, kikaanza kikao kizito palepale. Pale aliyechunguzwa ndiye aliyekuwa anachunguza.

#15 mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Wakuu, mimi nilitaka kuandika juu ya daladala. Mwalimu mmoja akaniambia mada nyepesi, nitafute kitu cha "maendeleo". Mnanishauri nini?

#16 Jembe Butu

Mdogo wangu, hapo mimi ndiyo mwenye mali. Nimekaa mlangoni mwa Hiace na Coaster miaka ya ujana wangu. Mwambie mwalimu wako daladala siyo usafiri tu. Kwanza kuna hesabu: bosi anataka kiasi chake kila jioni, upate abiria usipate. Suka, yaani dereva, na konda wanagawana kinachobaki, na mafuta wanatia wao. Ukielewa hesabu umeelewa kwa nini gari linakimbia, kwa nini linakatisha ruti, kwa nini konda anasimama mlangoni akiwahesabu wanafunzi kwa macho. Denti, yaani mwanafunzi, analipa nauli pungufu na anakalia nafasi ya mtu mzima. Konda hamchukii mtoto, anapiga hesabu ya jioni.

Halafu kuna deiwaka, yule anayeshika gari mara mbili tatu ili suka apumzike. Kuna mpiga debe, ambaye abiria wanadhani hana kazi wakati kituo kizima kinaendeshwa na yeye. Kuna nani anampisha nani kiti: bibi anapishwa, mjamzito anapishwa, mwenye mtoto anapokelewa mtoto na mtu asiyemjua kabisa, mtoto anakaa mapajani kwa mgeni mpaka Mwenge, na hakuna anayeona ajabu. Kaandike hilo la mtoto. Sijaona nchi nyingine nikaishi, lakini nadhani si kila mahali mtu anakabidhi mwanawe namna hiyo.

#17 Mkwezi wa Pangani

Jembe Butu! Kumbe ulikuwa unatunyima.

Mwanachuo, na umwambie mwalimu kwamba Matteo Rizzo amechunguza kazi ya daladala za Dar es Salaam kwa miaka mingi, akatoa kitabu Oxford mwaka 2017, na kiini chake ni hiyo hesabu aliyoisema Jembe. Kwa hiyo wepesi wa mada haupo. Kuna wepesi wa macho.

Ushauri wangu wa kazi, kwa ufupi. Usianze na dodoso. Ukimpa mtu karatasi yenye "je, unaheshimu mila? ndiyo/hapana" atakujibu ndiyo, mkewe atakujibu ndiyo, mwizi naye atakujibu ndiyo. Panda gari lile lile, saa ile ile, ukae kiti cha nyuma. Andika usiku huo huo kabla hujalala, maana kesho akili inasafisha kila kitu. Andika bei. Andika nani alilipia nani. Andika ugomvi, kwa sababu watu hawazitaji sheria zao mpaka mtu azivunje: siku kijana akikataa kumpisha bibi, gari zima litakufundisha kuliko mahojiano ya mwezi. Na majina ya watu uyafiche. Konda akisomwa na bosi wake amekula nini pembeni, umemfukuzisha kazi.

#18 Mzee wa Ilala Boma

Na usiandike wanaume tu. Hao wa mlangoni wanapiga kelele ndiyo maana wanaonekana.

#19 Bibi Leso

Kweli mzee. Tena leso za abiria pia zina habari zake asubuhi na mapema.

#20 mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Nashukuru sana wakubwa wangu. Mkwezi, hicho kitabu cha Mtoro nakipata wapi? Maktaba yetu nimeuliza hawana.

#21 Mkwezi wa Pangani

Toleo la 1903 limeshapigwa skani, lipo mtandaoni bure, tafuta "Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli", uandike kama walivyoandika wao, ukiandika Kiswahili cha sasa hulipati. Maisha ya Mtoro mwenyewe yameandikwa na Ludger Wimmelbücker, Mkuki na Nyota wa hapa hapa Dar walikitoa kitabu mwaka 2009. Kuna na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ya mwaka 1981, ila ukiisoma hiyo kabla ya Kiswahili chake nitakushangaa.

#22 Shangazi wa Ngamiani

Mwanachuo, ukimaliza mambo yako ya magari njoo Tanga uandike jikoni. Msiba na harusi vyote vinapikwa na watu wale wale, na nani anashika mwiko mkubwa haliamuliwi hivi hivi, lina wenyewe. Sijamwona aliyeandika.

#23 mwanachuo_mwaka_wa_tatu

Shikamoo shangazi. Nikija nije na nini?

#24 Shangazi wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Sukari na majani ya chai vinatosha. Kisu tutakupa, utamenya vitunguu na wenzio, maswali baadaye. Na hiyo simu ya kurekodi uniombe kwanza.